Begi limerudi pungufu, wananipa dola 100 nisaini yaishe. Nisaini?

"Kaka habari za kazi, naomba unisaidie maana nimechanganyikiwa kabisa. Mimi na wifi yangu tulicheza mchezo miaka miwili tukaweka hela ya kwenda Dubai siku sita, shopingi na kupumzika kidogo maana hatujawahi kutoka. Hela imekwenda kweli, tiketi, hoteli na vitu najumlisha kama milioni 11. Kurudi tulipita transiti nchi ya tatu, tumefika Dar begi langu kubwa halipo. Kaunta wakanipa karatasi yenye namba wakasema nisubiri nitapigiwa. Siku ya sita, Jumamosi usiku, kijana akaleta begi nyumbani, akanisainisha kwenye daftari akaondoka. Nakuja kuangalia zipu imeachia, limezungushiwa selotepu, ndani hamna pafyumu nne, tableti ya mtoto, viatu pea mbili na bangili ya dhahabu ya gramu 9 niliyoificha kwenye soksi. Begi nililipima kule kilo 29. Jana wamenitumia imeili wanasema limepungua kilo 5 na wao wanalipa dola 20 kwa kilo, kwa hiyo dola 100, nisaini fomu kwamba madai yote nimemaliza. Wifi anasema nichukue tu maana nilishasaini kupokea. Halafu kadi yangu imekatwa zaidi ya risiti za dukani, na ile kodi wanayorudishiwa watalii nilinyimwa uwanjani. Naona kama safari nzima nimeibiwa. Nifanyeje? Nakuandikia leo Jumatano."

Usisaini. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najua watu mnasoma mstari wa kwanza halafu mtoto analia jikoni. Sasa pole dada yangu, pole sana, miaka miwili ya mchezo kwenda kuishia kwenye selotepu inauma, na mimi nimekaa miaka 11 kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea kabla sijafungua hiki kiofisi cha tiketi, kwa hiyo sura yako ya Jumamosi usiku naijua hata bila kukuona.

Nakujibu Alhamisi asubuhi. Begi ulilipokea Jumamosi. Kwa begi lililofika likiwa limeharibika au limepungua vitu, una siku 7 tangu ulipolipokea kupeleka malalamiko, na lazima yawe ya maandishi. Kupiga simu haihesabiki, hata ungepiga mara kumi na uongee na meneja mwenyewe. Kwa hiyo una leo na kesho, Jumamosi iache iwe ya dharura. Hayo mambo ya kadi na kodi tutayaongea chini, hayaozi wiki hii. Hili la begi linaoza.

Tuanze na saini ya kwenye daftari, maana naona wifi ameshakutisha nayo. Ile saini inasema begi limekufikia, basi. Kinachokuumiza ni kupokea halafu ukanyamaza, maana mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, ambao nakuja kuuelezea, unasema ukipokea mzigo bila kulalamika inachukuliwa kwamba ulikuja mzima mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Ukiandika ndani ya zile siku 7 hiyo hoja imekatika. Saini ya hatari ni hii ya pili wanayoitaka sasa, ya fomu ya "nimemaliza madai yote". Hiyo ukishaiweka hata mimi sina la kukusaidia.

Sasa hizo dola 20 kwa kilo. Hawajazitunga, zilikuwepo kweli. Mwaka 1929 huko Warsaw nchi zilikaa zikaandika mkataba wa kwanza mkubwa wa usafiri wa ndege, enzi ambazo kuna mashirika abiria mwenyewe alikuwa anapandishwa kwenye mizani pamoja na sanduku lake, na fidia ya mzigo ikapangwa kwa uzito, faranga 250 za dhahabu kwa kilo, ambazo miaka ya baadaye zikawa zinahesabiwa kama dola 20 hivi. Ndiyo maana sisi wa kaunta tulifundishwa kuangalia mizani kwanza. Kilo ngapi zimepungua, zidisha, lipa, mwite anayefuata. Ubaya wake unauona mwenyewe, kilo ya sembe na kilo ya dhahabu zilikuwa zinalipwa sawa.

Mwaka 1999 huko Montreal ukaandikwa mkataba mwingine kuchukua nafasi ya ule, ukaanza kufanya kazi Novemba 2003. Tanzania imo, Kenya imo, Falme za Kiarabu nao wamo. Na kwako wewe inatosha hata Tanzania peke yake, kwa sababu ulikata tiketi ya kwenda na kurudi, na kwa macho ya mkataba safari yako ilianzia Dar na mwisho wake ni Dar, Dubai ni mahali uliposimama tu katikati. Hiyo nchi ya transiti haibadilishi kitu.

Chini ya Montreal begi la abiria halilipwi kwa kilo. Kuna kikomo kimoja kwa abiria mmoja, mzigo uwe kilo 5 au 50. Kilianza kikiwa 1,000, kikapanda 1,131, kikaja 1,288, na tangu Desemba 28, 2024 ni 1,519. Hizo si dola wala shilingi, ni SDR, kipimo cha hela cha IMF ambacho thamani yake inavutwa na dola, yuro, yuan, yeni na pauni kwa pamoja. Huwezi kukishika mkononi, ila ukibadilisha hizo 1,519 zinakuja dola 2,000 na kitu.

Kwa nini basi mtu anakuandikia dola 20? Wengine hawajui kweli, fomu imekaa kwenye kompyuta tangu enzi za babu na kijana anajaza tu. Wengine wanachanganya na kago, maana kago mpaka leo inahesabiwa kwa kilo, sasa hivi SDR 26 kwa kilo. (Nyie mnaotuma mzigo kwa maajenti wa Deira kule Dubai someni hapo mara mbili, boksi la simu likipotea kwenye kago ya ndege mnahesabiwa kilo, sio simu.) Na wengine, niseme tu ukweli, wanajua vizuri kabisa ila wanajua pia kwamba watu nane kati ya kumi hapa kwetu watachukua dola 100 na kusema alhamdulillah. Hiyo nane sikuitoa kwenye utafiti wowote, nimeitoa kwenye kiti changu.

Ila na wewe usiruke upande wa pili. Ile 1,519 ni dari, hakuna anayekuahidi kuifikia. Huendi kudai dola 2,000 kwa sababu tu mkataba umeitaja, unadai ulichopoteza na unachoweza kukionyesha, ikiishia dola 600 basi ni 600. Na ndani ya dari hiyohiyo ndimo yanamokaa yote, vitu vilivyopotea, zipu iliyovunjika na zile siku sita za kuchelewa. Kuna watu wanakuja ofisini wamejumlisha na machozi, machozi hayamo. Na kama ungekuwa umebeba vitu vya dola 5,000, kulikuwa na namna, unatangaza thamani kaunta kabla begi halijaingia kwenye mkanda na unalipia nyongeza, dari inapanda mpaka hapo ulipotangaza. Katika miaka yangu 11 sikumbuki kama walifika hata watano waliofanya hivyo.

Sasa kazi ya leo. Chukua lile begi, na selotepu yake usiitoe, lipige picha pande zote, zipu karibu, tagi ya kwenye mshikio wa begi karibu kiasi namba zisomeke. Tafuta kile kistika ulichopewa kule Dubai ulipokabidhi begi, mara nyingi kinabandikwa nyuma ya bodingi pasi au kwenye pasipoti, kina namba ya tarakimu 10 na mara nyingi uzito umeandikwa palepale. Halafu karatasi ya kaunta ya Dar, juu kuna namba inayoanza na DAR, herufi tano na tarakimu tano, hiyo ndiyo namba ya faili lako kwenye mfumo wa dunia nzima wa kutafuta mizigo. Kisha rudisha kila kilichokuja ndani ya begi, ulibebe mpaka dukani kwa mangi mwenye mizani ya kupimia gunia, upime mbele yake na upige picha ile namba. Najua atakushangaa. Mteja wangu mmoja wa Mbagala alifanya hivyo, mizani ya mangi ikasoma pungufu zaidi ya ya shirika, na barua ilipofika na picha ya mizani yenye unga unga pembeni hawakubishana tena na uzito.

Wewe lakini una kitu bora kuliko mizani. Ile imeili yao. Wao wenyewe kwa mkono wao wameandika kwamba begi limepungua kilo 5. Yaani wamekubali lilikuwa kwao na limepungua likiwa kwao, hapo mmebaki kubishania bei tu. Hiyo imeili iskrinshoti, iprinti, mtumie na wifi abaki nayo.

Barua iwe fupi. Jina kama lilivyo kwenye tiketi, namba ya tiketi, tarehe na namba ya ndege, namba ya tagi, namba ya faili. Halafu sema begi umelipokea Jumamosi tarehe fulani usiku likiwa zipu imeachia na limezungushiwa selotepu, vitu vifuatavyo havimo, orodha, bei ya kila kimoja kwa dirhamu, jumla. Kisha mstari mmoja tu wa sheria, kwamba unadai chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 na hukubali hesabu ya dola 20 kwa kilo. Kiingereza cha kawaida kinatosha, usitafute maneno ya mahakamani. Na usiandike kwamba fulani kaiba. Begi linalosafiri bila mwenyewe linapita mikono mingi, linalala stoo, linaweza kufunguliwa forodhani au kwa ukaguzi, nani alitoa bangili wewe huwezi kujua na wala mkataba haukudai umjue. Inatosha kwamba lilikuwa chini ya ulinzi wao.

Itume kwa imeili ukijibu ileile yao, halafu kesho asubuhi beba nakala mbili mpaka ofisi yao ya mjini, moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo. Wakisema "tumeona imeili inatosha", kaa. Muhuri. Huo muhuri ndio utakaoonyesha kwamba uliwahi ndani ya siku 7.

Ushahidi wa vitu nao tuuseme. Risiti kama unazo ni vizuri sana, na vitu vikiwa vipya hawana cha kukata kwa uchakavu. Huna? Fungua taarifa ya kadi yako, duka, tarehe na kiasi vimo. Ya tableti boksi lake kama ulilibeba kwenye begi la mkononi lina serial namba ya kifaa. Picha mlizopiga hotelini mkiwa mmetandaza vitu kitandani, na najua mlipiga maana hakuna aliyewahi kwenda Dubai asipige hiyo picha, hizo nazo peleka. Risiti ya sokoni ya kuandika kwa mkono bila jina la duka wataikunjia uso, ila peleka.

Bangili sasa. Hapa nitakuwa mkweli kuliko utakavyopenda. Kwa uzito wake wa gramu 9 kwenye mizani yao ingelipwa senti, na thamani yake peke yake inazidi zile dola 100 mara kadhaa, kwa hiyo ndiyo iliyokuuma na ndiyo watakayoikatalia. Karibu kila shirika kwenye masharti ya tiketi limeandika usiweke vito, hela, elektroniki wala dawa kwenye begi la kukabidhi, na ukiweka hawahusiki. Watakuletea hicho kipengele. Jibu lake lipo: mkataba unasema sharti lolote la shirika linaloondoa wajibu wake au kushusha dari ni batili. Wao nao wana jibu, kwamba mkataba huohuo unaruhusu fidia kupunguzwa kama uzembe wa abiria mwenyewe umechangia hasara, na dhahabu kwenye soksi kwenye begi lisilo na kufuli watasema ndio uzembe wenyewe. Tableti nayo itaingia kwenye ugomvi huohuo. Kwa uzoefu wangu pafyumu, viatu na begi vinalipwa ukikomaa, tableti mara nyingi mnakutana katikati, dhahabu inategemea na risiti. Maduka ya dhahabu ya Deira yanaandika vizuri, karati, uzito, bei ya gramu siku hiyo na hela ya ufundi, kama yako imeandikwa 22 na gramu 9 na jina lako lipo, idai bila aibu. Kama risiti nayo ilikuwa kwenye soksi, rudi dukani kwao kwa WhatsApp, wengi wanatunza nakala.

Na leoleo au kesho kapige ripoti polisi upate RB, ile namba ya kumbukumbu ya ripoti yako. Haitamkamata mtu, sikudanganyi, ila bima ikiwepo wataiomba hiyo. Bima gani? Angalia kwenye barua ya viza na tiketi, na uulize benki iliyokupa kadi, kuna kadi zinakuja na bima ya safari na mwenye kadi hajui. Bima inaweza kulipa kile shirika walichokataa, ila na wao wana siku zao.

Umeuliza kimoyomoyo ilikuwaje likabaki, nadhani. Transiti. SITA, wale wenye mfumo ambao viwanja vingi vinautumia, walihesabu mwaka 2023 mabegi 6.9 yaliyopata matatizo kwa kila abiria 1,000, na karibu nusu yalikwama kwenye kuunganisha ndege. Begi linashuka, tagi inasomwa na mashine, linatakiwa livuke kwenye mikanda mpaka ndege ya pili, na kama saa yako ya kuunganisha ilikuwa finyu wewe ulikimbia, begi halina miguu. Tagi ya safari ya nyuma ikiwa bado inaning'inia nayo inaweza kuichanganya mashine. Wengi wanafikiri limepotea, kumbe limelala, na linakuja na ndege ya kesho au keshokutwa. Yako ilikwenda siku sita, nyingi, ila sio ajabu. Likipita siku 21 hapo ndipo linahesabiwa limepotea moja kwa moja.

Kuchelewa kwenyewe unaweza kudai, una siku 21 tangu Jumamosi ile, ila usijenge matumaini makubwa kwa sababu ulikuwa nyumbani kwako, nguo nyingine unazo. Wanaolipwa vizuri ni waliokwama ugenini wakanunua mswaki na shati wakatunza risiti. Na kwa kuchelewa, tofauti na kupotea, shirika likionyesha kwamba lilifanya kila kinachowezekana linatoka. Wateja wangu waliokuwa Dubai Aprili 16, 2024, siku ile mvua iligeuza barabara kuwa mito na ndege zikasimama, walipata mabegi yao baada ya siku nyingi na kwa kuchelewa kule hawakulipwa kitu. Aliyekuta begi halina vitu alilipwa. Ni mambo mawili tofauti na watu wa kaunta wanapenda kuyachanganya.

Haya, kadi. Hapa hukuibiwa dada, uliulizwa ukajibu vibaya, na hata mimi mara ya kwanza nilijibu vibaya. Unakumbuka pale moli mashine ya kadi ilikuletea skrini yenye chaguo mbili, dirhamu au hela ya kwenu? Kila mtu anabonyeza hela ya kwenu kwa sababu anaielewa. Hapo umeruhusu kampuni ya ile mashine ikubadilishie hela kwa bei yake yenyewe. Dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja ni dirhamu 3.6725 na haichezi, kwa hiyo dirhamu 1,000 ni dola 272 na senti. Mashine ikikuonyesha, tuseme, 288, zile 16 ni faida yao. Na kama kadi yako ni ya dola halafu mashine ikakata kwa shilingi, unabadilishiwa mara mbili, kwenda na kurudi. Ugenini bonyeza hela ya pale ulipo, siku zote. Benki unaweza kulalamika kama hukuulizwa kabisa, ila kama kwenye kikaratasi kuna alama kwamba ulikubali, sahau. Halafu kagua kama kiasi kingine ni amana ya hoteli, kule wanashikilia hela kwenye kadi siku ya kuingia na kuirudisha inaweza kuchukua wiki mbili mpaka zaidi, usije ukaenda kugombana na benki kwa hela inayorudi yenyewe. Kile kidogo cha kila usiku hotelini ni ada ya utalii, Tourism Dirham, dirhamu 7 mpaka 20 kwa chumba kutegemea nyota za hoteli, hicho ni halali.

Na kodi. VAT ya kule ni asilimia 5, ilianza Januari 2018, na utaratibu wa kuwarudishia watalii upo kweli, ila una milango mitatu na nadhani ulikwama kwenye wa tatu. Wa kwanza, duka lenyewe liwe limejiunga, na maduka mengi madogo ya mtaa wa Naif na wauzaji wa sokoni hawamo. Wa pili, ununuzi uanzie dirhamu 250 na pasipoti iingizwe kwenye mfumo palepale dukani. Wa tatu, uwanjani unaanza kwenye kaunta ya kodi na vitu ukiwa navyo, ndipo unaenda kukabidhi begi. Wewe bila shaka ulikabidhi begi kwanza ukaenda na risiti mkononi, wakataka kuona vitu, vitu viko chini kwenye mkanda. Kudai ukiwa Dar haiwezekani. Ila usilie sana, unarudishiwa asilimia 87 ya kodi na wanakata dirhamu 4.80 kwa kila risiti. Ulinunua cha 1,050, kodi ndani ni 50, mkononi ungepata 38 na senti 70. Kwa shopingi yako nadhani ulikosa hela ya nauli ya teksi na chakula cha siku mbili, sio zaidi.

Tukirudi kwenye begi. Wanaweza kuchukua wiki kadhaa kukujibu, na jibu la kwanza mara nyingi linapanda kidogo tu, kutoka 100 mpaka 180 kwa mfano, na fomu ileile chini yake. Unaweza kupokea hela ya sehemu wanayokubali ukiandika kwamba ni malipo ya sehemu, ila fomu ya kufunga madai hapana. Wakinyamaza au wakirudia hadithi ya kilo, peleka nakala zote zenye muhuri TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na pale kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga ambalo ndiyo kazi yake, nenda mwenyewe na bahasha, usitume mtu. Mwanasheria ninakushauri umtafute kama bangili na tableti vimekataliwa na risiti unazo, kabla hujatumia hela yoyote muulize bei yake kwanza, maana kwa dai la dola 700 wakili wa dola 500 hana maana. Mahakamani una miaka miwili, na unaweza kushtaki hapahapa kwa sababu safari yako mwisho wake ni hapa, usikubali mtu akuambie uende makao makuu yao.

Kuna jambo moja nataka unijibu ukipata nafasi. Ulimpa wifi baadhi ya vitu vyako abebe, au yeye ndiye aliyeweka vyake kwako? Hukusema, ila hesabu ya kilo 29 inanipa wasiwasi, na kama viatu vile pea moja ilikuwa ya kwake, itaje kwa jina lake kwenye orodha na yeye aandike barua yake ndani ya siku hizohizo. Wakikuta baadaye umedai cha mtu mwingine kama chako, watashikilia hapo na orodha nzima itaanza kutiliwa shaka. Mwulize leo, kabla hujaenda kwa mangi.